Tupeane uzoefu: tunaolea wenye ulemavu huku Mwanza, msaada ukikatika mnaishije?

Mama Barafu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimeshindwa.

Nina kijana wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, haongei, ila anacheka sana, hasa umeme ukikatika. Tunakaa Mabatini, ule upande wa juu wenye mawe. Anayepajua anaelewa: bodaboda inaishia chini, baada ya hapo ni ngazi za mawe na mitaro. Alipokuwa na miaka mitatu nilimbeba kama begi la shule. Sasa ana kilo 24 na mgongo wangu umeanza kunidai.

Tulikuwa tunapata ile ruzuku ya kaya maskini, kila baada ya miezi miwili. Haikuwa hela ya kujengea, ilikuwa hela ya pampasi na dawa ya kifafa. Mwaka jana kukawa na mkutano wa kuhakiki majina. Langu liliposomwa, mama mmoja jirani akanyoosha mkono, akasema: "Huyu ana friji." Mama huyo mtoto wake nilimlea miezi mitano yeye akiwa anahangaika na dagaa Mwaloni. Sitaki hata kumkumbuka alivyokuwa amejifunga kitenge.

Ni kweli friji ninalo. Dada yangu alininunulia ili nigandishe barafu za ubuyu niuze, maana ndiyo biashara pekee ninayoweza kufanya bila kutoka nyumbani. Nikatolewa. Na mjue wanavyoita: hutolewi, "umehitimu". Nilihitimu darasa la saba, sasa nimehitimu na umaskini, cheti changu ni friji.

Nataka kusikia kwenu. Ilipokatika, mlifanyaje? Na watu walisema nini? Maana mimi hela imeniuma, lakini ule mkono ulionyooshwa umeniuma zaidi.

Mgongo Wazi
Pole dada. Wa kwangu alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani akiwa na miezi miwili. Kliniki haziishi.

Sisi kilichotunyoosha ni bima. Mnakumbuka ile kadi ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka? Usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa Machi 2023, kadi ya mwanangu ilikuwa imebakiza wiki tatu. Wiki tatu! Niliuza cherehani nikalipia vipimo taslimu, na cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha. Kadi ilipokuja kurudi, cherehani haikurudi.

Kuhusu maneno ya watu: ukweni waliulizana kikao kizima nilikanyaga nini nikiwa mjamzito. Hakuna aliyeuliza damu ya kutosha ilikuwepo au vidonge vya foliki nilivipata lini. Mume wangu alihudhuria kile kikao. Hakurudi nyumbani siku ile, na hajarudi.

Fundi Simu wa Igogo
Mimi ndiye mlemavu mwenyewe, polio, natembelea magongo. Nasema hivyo mapema kwa sababu mara nyingi nyuzi kama hizi tunaongelewa kama tumeshalala.

Hadithi yangu ni ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa vikundi. Wanawake asilimia 4, vijana 4, sisi wenye ulemavu 2. Tulikuwa watu watano, mpango wetu kununua dagaa jumla Kirumba Mwaloni, kuwakausha upya, kuwachambua mchanga na kuwafunga kwenye vifuko vya robo kilo. Msidharau: dagaa safi asiye na mchanga anauzika Dodoma hadi Arusha. Tukaandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukapiga pasipoti saizi mara tatu kwa sababu mwenzetu mmoja haoni na kila picha alikuwa anaangalia pembeni wakati mpiga picha anadai aangalie kamera. Tulicheka siku ile mpaka tukashindwa kushuka ngazi.

Aprili 2023 Waziri Mkuu akatangaza bungeni kwamba mikopo imesimama, utafutwe utaratibu mpya. Sababu haikuwa ya uongo, mikopo mingi haikuwa inarejeshwa na kulikuwa na vikundi hewa. Lakini hebu nifafanulieni: vikundi hewa vimekula, halafu wanaofungiwa mlango ni wenye mguu hewa.

Ilichukua zaidi ya mwaka kurejea. Katikati hapo wawili kati yetu tulichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, laki tatu, marejesho kila siku. Nisiseme mengi. Mashine yangu ya kuchomea simu ilichukuliwa mbele ya wateja. Mikopo iliporudi 2024 kikundi kilikuwa kimeshakufa, mmoja amerudi Magu kwao, mmoja hapokei simu yangu mpaka leo.

Sema Ukweli
Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Serikali haiwezi kulea kila mtu. Kuna watu wana mikono yote miwili wanakaa stendi wanaomba. Mkipewa mnataka zaidi. Kwetu ukoo ulikuwa unalea wagonjwa wake bila hata senti ya mtu, na maisha yalikwenda.

Mwana Buchosa
@Sema Ukweli, mikono yote miwili mimi sina, kwa hiyo nadhani naruhusiwa kuongea. Wa kushoto aliuchukua mamba, nikiwa naosha nyavu alfajiri.

Unasema ukoo ulikuwa unalea. Nikuambie ukoo wangu ulivyolea. Mwezi wa kwanza michango ilikuja, sukari, hata kuku. Mwezi wa tatu yakaanza maneno kwamba nimetolewa kafara, tajiri wa mtumbwi alikuwa anatafuta mtaji. Wengine wakageuza, kwamba mimi ndiye niliyetaka utajiri, masharti ya mganga yakanigeukia. Mwezi wa tano hakuna aliyekuja. Walionilea ni mke wangu na binti wa kwanza, ambaye aliacha shule kidato cha pili ili mama yake apate kwenda kulima vibarua. Ukisema ukoo unalea, uliza ni nani ndani ya ukoo. Utakuta ni mwanamke mmoja.

Baadaye nilihamia Kigongo, kwenye kivuko. Nikawa nauza karanga, mayai, maji. Foleni ya magari ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Mtu amekaa saa nzima anangoja feri, atanunua tu. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita dakika chache. Silaumu daraja, mke wangu akiugua usiku na mimi nitapita hapo hapo. Ila ofisi imefungwa na hakuna aliyeniandikia barua.

Mgongo Wazi
Mwana Buchosa umenimaliza. "Ni mwanamke mmoja."

Mjukuu wa Nansio
Naandika kwa niaba ya bibi yangu, Ukerewe, simu yake ni ya kitochi.

Anamlea mdogo wangu mwenye ualbino, miaka sita. Wengi mnajua Kanda ya Ziwa tulikotoka na mauaji yale ya wenye ualbino, na waliodhani yameisha walishtuka 2024, yale ya Muleba. Tangu siku ile bibi haendi shamba. Yaani haendi kabisa. Muhogo ukaota nyasi, kwa sababu mtoto hawezi kukaa juani siku nzima na hawezi kuachwa peke yake. Hapo ndipo hesabu ya watu inaponishinda: wanaona bibi mwenye afya, ana shamba, ana nguvu, anakaa kibarazani. Wanasema amekuwa mvivu uzeeni. Hawaoni kwamba yuko lindoni.

Kulikuwa na mradi uliokuwa unapita na mafuta ya ngozi na kofia pana. Ulikuwa wa fedha za nje, ukafungwa. Sasa natuma mafuta mimi nikipata. Mwezi nisipopata, mtoto anakaa ndani na mlango umefungwa.

Niko Leeds
Nimezaliwa Pasiansi, sasa nina miaka kumi na moja Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Naingia ili msije mkadhani huku ni peponi.

Kuna posho ya anayemhudumia ndugu mgonjwa, inaitwa Carer's Allowance. Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na sharti uwe unamhudumia angalau saa 35 kwa wiki. Gawanyeni wenyewe, haikufika pauni mbili na nusu kwa saa. Ukipata kibarua ukavuka kikomo, mwaka ule kilikuwa pauni 196 kwa wiki, hata kwa pauni moja, haikatwi kipande, inaondoka yote ya wiki ile. Wapo waliokuja kugundua miaka mingi baadaye kwamba wanadaiwa maelfu.

Machi 2025 serikali ilitangaza kubana masharti ya PIP, hii ni posho ya mwenye ulemavu mwenyewe. Wabunge wa chama chao hao hao wakagoma, na Julai kipengele kile kikaondolewa kwenye muswada. Lakini miezi ile katikati, dada zangu, redioni na kwenye basi lilikuwa neno moja tu: wavivu. Jirani yangu ana ugonjwa wa misuli. Siku moja anatembea na fimbo, siku nyingine hawezi kushuka kitandani. Aliacha kutoka kutupa takataka mchana, akiogopa mtu atampiga picha akiwa amesimama.

Mama Barafu, nilipokusoma nilimkumbuka yeye. Friji lake ni miguu.

Sema Ukweli
Sijasema wote ni wavivu. Nimesema kuna wanaotumia nafasi.

Fundi Simu wa Igogo
Wapo, mkuu, na sisi tunawajua kuliko wewe. Lakini angalia inavyokwenda: mmoja akidanganya, mia wanaulizwa maswali. Na kazi tunaitaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Nimezunguka na cheti changu cha ufundi mpaka magongo yakaisha raba. Mlinzi wa getini alinipa mia tano bila kunisalimia. Nilikuwa nimevaa tai.

Kamati Mstaafu
Nilisita kuandika. Mama Barafu, mimi nilikaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati ya kuhakiki majina, si mtaa wenu.

Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya, ndio huo wa ruzuku yako, hata awamu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020, uliwashirikisha wananchi wenyewe katika kutambua kaya maskini, na sababu inaeleweka: mtaa unajuana, nani analala njaa na nani anajifanya. Mimi nililiunga mkono hilo na bado naliunga. Ila mtaa unajua bati, unajua friji. Usiku haujui. Sikuwahi kuona mtu amesimama kwenye mkutano akasema, "Huyu mama huamka mara nne kumgeuza mtoto." Kinachosemwa ni kile kilichoonekana mtu akipita njiani.

Tulikuwa na mzee asiyeona. Watoto wake walimjengea choo cha tofali karibu na mlango, wakamfungia kamba ya kushika mpaka ndani. Mtu akasema choo kile si cha maskini. Watu wakacheka, mikono ikapanda. Wangu ulikuwemo. Mzee alikuwa amekaa mbele, anasikiliza, hakuona ni nani walionyoosha. Miezi kama minne baadaye alinisalimia kwa sauti, akanitambua, akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Mama Barafu
Kamati Mstaafu, nimesoma mara mbili. Sina la kukujibu leo.

Walioniuliza pembeni kuhusu kumbeba: namfunga mgongoni kwa vitenge viwili, kimoja cha makalio na kimoja cha kifua, nashuka kinyumenyume pale penye jiwe kubwa. Kliniki naondoka saa kumi na moja asubuhi kabla jua halijapasha mawe. Daladala ya kwanza konda akiniona anasema imejaa. Ya pili anataka nauli ya watu wawili, maana miguu ya kijana haikunji. Ya tatu ndiyo ya Mungu. Kitimwendo sina, na hata ningekuwa nacho kingeishia chini, kwa muuza mkaa.

Mvuvi wa Nyegezi
Dada, kwa muuza mkaa kinaweza kulala? Yaani pana pa kukifunga mnyororo?

Mama Barafu
Pana nguzo, na yeye ni mtu mzuri, hulala hapo hapo. Kwa nini, kaka?

Mvuvi wa Nyegezi
Ninacho cha marehemu mama, kipo stoo tangu mwaka juzi. Gurudumu moja la mbele limekatika mpira. Tatizo ni cha mtu mzima.

Fundi Simu wa Igogo
Gurudumu niachieni mimi. Na upana unapungua, tunakata godoro la sponji, tunajaza pande zote mbili na mgongoni, mkanda wa kifuani tunashona kwa mkanda wa begi. Nimeshafanya viwili. Mama Barafu nipe kipimo cha kijana, kutoka makalioni hadi goti, na upana wa nyonga. Kesho niko nyumbani, hakuna umeme kwetu Igogo.

Mama Barafu
Nampima sasa hivi. Hata kwetu umekatika, anacheka kweli.