Naomba ushauri: benki ilifunga akaunti, sasa wakala anadai mara nne ya deni

Habari zenu ndugu. Niko Nakuru, nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka 2019 nilikopa benki, nikalipa vizuri hadi korona ikaangusha biashara. Salio la mkopo lilibaki 52,000. Akaunti ikafungwa, jina langu likapelekwa CRB, ile taasisi inayoweka rekodi za wakopaji.

Sasa deni liko kwa wakala wa kukusanya madeni. Kila Jumatatu ananipigia hata sijafungua duka, na anadai 214,000. Ninavyoelewa Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, riba haiwezi kupita salio lililokuwapo mkopo ulipoharibika. Yaani 52,000 na riba isiyozidi 52,000, pamoja na gharama za kudai. Hiyo 214,000 imetoka wapi?

Nimeomba hesabu kwa maandishi mara mbili. Jibu likaja kwa WhatsApp: “Tuma kwa hii namba leo tumalize.” Namba yenyewe ni ya mtu binafsi, si paybill ya benki. Hapo roho yangu imekataa kabisa.

Deni ni langu, sikatai. Nina 60,000 mkononi, na sacco inataka cheti cha CRB kabla ya kunikopesha pesa za stoki. Je, nimruke wakala niende benki moja kwa moja? Wakikubali 60,000 nimalizane nao, barua iandikweje ili wasinigeukie baadaye kudai tofauti? Aliyepitia haya anisaidie tafadhali, mwenye duka anasubiri kodi Ijumaa na naogopa kuzigusa hizi pesa.