Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye tezi za limfu, upasuaji bado una maana?

Mleta mada: Wakuu, kuna kauli naisikia sana: saratani ya tezi dume ikishaingia kwenye tezi za limfu, kisu hakina kazi, mzee apewe dawa za homoni (za kushusha homoni ya kiume inayoilisha saratani) arudi nyumbani. Naipinga.

Zamani daktari alianza kutoa tezi za limfu za nyonga, zikapimwa mgonjwa akiwa bado usingizini mezani. Zikikutwa na saratani, anashonwa, tezi dume inaachwa humo humo. Munich, Ujerumani, waliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo na kutoa matokeo 2010. Kwa 688 walioendelea kutolewa tezi dume, waliokadiriwa kuwa hai baada ya miaka 10 ni 64%. Kwa 250 walioshonwa hivyo hivyo, 28%. Mwanaume wa miaka 60 anayeambiwa hakuna cha kufanya ananyimwa miaka yake.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hizo za Munich usizibebe hivyo. Hakuna kura iliyopigwa nani ashonwe, nani aendelee. Daktari akifungua akakuta mitoki imevimba nyonga nzima, huyo ndiye anamwacha. Mwenye tezi moja yenye kidoa anaendelea naye. Unawalinganishaje hao?

Utafiti wa STAMPEDE ulipanga watu kwa kura. Matokeo ya 2022, kwa wanaume ambao saratani ilikuwa haijasambaa mbali lakini ni hatari, karibu wanne kati ya kumi imeshagusa limfu: walioongezewa abiraterone, dawa nyingine ya kuzuia homoni ya kiume, juu ya tiba ya homoni, baada ya miaka 6 asilimia 82 walikadiriwa kuwa hai bila saratani kusambaa, wasioongezewa 69. Na wengi wao walipigwa mionzi, si kisu. Mimi nimemuuguza baba mkwe baada ya upasuaji. Pedi za mkojo mchana na usiku, anakataa kwenda msikitini kwa sababu ya udhu. Halafu mionzi akapigwa vilevile! Kwa nini alipitishwa kote huko?

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu, na hoja ya kuchagua wagonjwa ina uzito. Ila wengi hujulikana kuwa saratani imefika kwenye limfu baada ya upasuaji. Majibu ya patholojia yanarudi: "tezi 2 kati ya 14 zina saratani." Tezi dume imeshatoka, swali ni nini kifuate. Utafiti wa Marekani wa 1999 ulihusu hao hao, wanaume 98, kwa kura. Kwa miaka 7 hivi, waliopewa tiba ya homoni mapema walikufa 7 kati ya 47, waliosubiri hadi ugonjwa uonekane tena 18 kati ya 51. Ni mdogo, lakini unaonyesha kisu peke yake hakitoshi. Upasuaji nautetea ukiwa hatua ya kwanza, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kusaini fomu.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnamsahau mzee wa Kigoma. Mionzi ataifuata hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, wiki kadhaa, analala kwa nani? Ndiyo maana wengi wanatolewa korodani, siku chache wako nyumbani, homoni imeshuka bila sindano za kununua kila baada ya miezi mitatu. Mkitaka kubishana kisu au mionzi, anzeni na nauli na pa kulala.