Ndugu anayemhudumia mtu mwenye ulemavu alipwe? Na pesa azishike nani?

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Hili swali limeshatugombanisha nyumbani mara tatu, nikaona nilitoe nje.

Nimepooza kuanzia kifuani kwenda chini, huu ni mwaka wa tisa. Anayenihudumia ni dada yangu. Ukisema "ananihudumia" watu wanadhani ni kusukuma kiti cha magurudumu tu. Haya, usiku wetu uko hivi. Saa nne ananitoa kwenye kiti, ananilaza ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mgongoni. Anamulika visigino na nyonga kwa tochi ya simu, anabonyeza kuona kama kuna wekundu usiofifia, maana mimi kidonda kikianza sikisikii. Saa sita anaamka kunigeuza. Saa nane tena. Saa kumi tena. Kukipambazuka ni mpira wa mkojo, choo, kuoga, kuvaa. Nikishakaa kwenye kiti nimependeza, yeye hata uso hajanawa. Kazi aliyokuwa nayo aliiacha mwaka ule ule nilipoumia.

Mimi nasema mtu kama huyu alipwe, kwa fedha za umma. Ila pesa zije kwa jina langu, nimlipe mimi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, Ibara ya 19, unataja msaada binafsi kama sehemu ya haki ya kuishi kwenye jamii, na mwaka 2017 Kamati ya mkataba huo ikafafanua kwamba msaada huo uongozwe na mwenye ulemavu mwenyewe. Dada anasema nataka kumfanya mfanyakazi wangu. Pingeni.

Mchangiaji 1:
Pole sana dada yangu, na dada yako Mungu amzidishie nguvu. Mimi ni baba, kijana wangu ana usonji na anahitaji mtu muda wote. Napinga. Mwanangu akilia usiku nakwenda kwa sababu ni mwanangu. Siku nikianza kusaini karatasi ya saa nilizomuogesha, kitu fulani kitakuwa kimekufa kwenye hii nyumba. Serikali ilete wataalamu na vituo vya mchana, sisi ituache na upendo wetu.

Mchangiaji 2:
Baba, kwa heshima zote, hapo kwako anayemuogesha ni nani?

Mchangiaji 1:
Mara nyingi ni mama yake. Haya, umenishika.

Mchangiaji 2:
Sikukushika wewe peke yako. Uingereza walianzisha posho ya mtu anayeacha kazi ili amhudumie mgonjwa au mwenye ulemavu mwaka 1976. Sharti ni saa 35 kwa wiki. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuiomba, kwa hoja kwamba si angekuwa nyumbani tu hata hivyo! Mpaka mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi akamhudumia mama yake, kesi yake ilipofika mahakama ya Ulaya mwaka 1986 ndipo katazo hilo la wake za watu likaondoka. Miaka 10 kazi ile ile ilikuwa na thamani akiifanya mwanamume, haina akiifanya mke wa mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwenzio akiwa mkeo ndiyo huoni kabisa kama kuna kanda.

Mchangiaji 3:
Undugu hauna risiti. Nimemaliza.

Mchangiaji 4:
Mchangiaji 2, nakubaliana na hasira yako lakini dawa yako inaweza kuwa sumu. Angalia Japani. Walipokuwa wanaandaa bima ya uangalizi iliyoanza mwaka 2000, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wazee, sauti nyingi za wanawake zilikataa familia kupewa pesa taslimu. Waliona kitakachotokea: posho ndogo itaingia, mkamwana atafungwa pale pale kitandani pa mkwe, na hakuna atakayehangaika tena kuleta huduma kwa sababu "si mnalipwa?" Wakaamua itolewe huduma, si fedha. Ujerumani, bima yao ya 1995, inakupa uchague, ila ukichagua pesa unapata thamani ndogo kuliko ungechagua huduma. Wengi wakachagua pesa. Ni rahisi kwa serikali, hilo halina ubishi. Kama ni rahisi kwa dada wa watu, sijui.

Tuache kujadili kama upendo unauzwa, tunapoteza muda. Swali ni kama baada ya malipo hayo dada bado ana mlango wa kutokea.

Mchangiaji 5:
Naandika kwa kidole kimoja kwa hiyo nitakuwa mfupi. Nina mtindio wa ubongo, kichwa kinafanya kazi vizuri, mikono na ulimi ndiyo shida. Ndugu yangu wa damu alikuwa ananihudumia bure miaka mingi na tulipatana. Posho ilipoanza nikageuka mradi. Nilipata nafasi ya kujifunza kazi ya kompyuta, akakataa kunipeleka, kwa sababu nikionekana naweza, saa za msaada zitapunguzwa na kipato chake kitashuka. Alipokuja mtu wa tathmini aliniambia nisijitahidi kushika kikombe.

Mleta mada:
Pole kaka. Ndiyo maana nasisitiza pesa ziwe kwa jina la mwenye ulemavu.

Mchangiaji 5:
Zilikuwa kwa jina langu dada. Namba ya siri alikuwa nayo yeye. Vidole vyangu haviwezi kubonyeza.

Mleta mada:
Hapo sina jibu la haraka. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Mchangiaji 6:
Mimi ni msaidizi wa kulipwa, naingia majumbani mwa watu mwaka wa 12 sasa. Niongeze la kiutendaji. Anayekuogesha asiwe ndiye anayekusainia pesa. Kama mtu anahitaji msaada kwenye fedha au maamuzi, msaada huo utoke kwa mtu mwingine asiyekula kwenye saa hizo. Halafu kuwe na jicho la nje. Huko Ujerumani mlikokutaja, anayechukua pesa badala ya huduma analazimika kupokea mtembeleaji wa ushauri nyumbani mara kwa mara, na ndugu anayehudumia kwa saa za kutosha anachangiwa pensheni. Hilo la pensheni watu hulipita haraka. Nimewaona kina mama waliohudumia miaka 30, mtoto akifariki wanabaki hawana mtoto, hawana kazi, hawana akiba.

Na jamani, tusiwadanganye watu kwamba wageni ndio salama. Kuna mwajiri wangu mmoja wa zamani, zamu iliisha saa mbili usiku, basi wateja wote walilazwa saa moja na nusu. Mwanamume wa miaka 40, mechi inaanza, analazwa. Ratiba ilikuwa ya ofisi.

Mchangiaji 2:
Hapo kwenye kulazwa ndipo kila kitu kilipo. Ed Roberts, mwanaharakati wa haki za wenye ulemavu wa Marekani, aliugua polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, usiku akawa analala ndani ya mashine ya kumpumulisha. Mama yake alimpigania mpaka shule ikampa cheti. Lakini alipoingia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1962 aliishi mbali na mama yake akihudumiwa na wasaidizi, na kituo cha maisha ya kujitegemea alichosaidia kukianzisha na wenzake mwaka 1972 kilisimama juu ya wazo hilo hilo: mwenye ulemavu ndiye anayemwajiri msaidizi na ndiye anayemwachisha. Mama hafukuzwi kazi. Nadhani alijua hilo, na mama naye alijua.

Mchangiaji 1:
Nimemsomea mke wangu uzi wote huu. Kauliza pensheni hiyo inaombwaje. Mengine kanyamaza.

Mleta mada:
Nimerudi. Dada alikuwa anasoma begani kwangu. Nikamuuliza sasa, ulipwe na mimi, ulipwe na serikali, au usilipwe? Akasema katika wote humu hakuna aliyemuuliza anataka nini, hata mimi miaka tisa sijamuuliza. Anataka alale usiku mzima mara mbili kwa wiki, bila kengele ya simu. Pesa tutazijadili akiwa ameshalala.

Kwa hiyo nabadilisha swali, wakuu. Huko mliko, saa nane za usiku, nani mwingine anakuja kugeuza mtu?