Miezi 14 tangu upasuaji wa diski, kiuno bado: mazoezi, sindano au kisu cha pili?

Mama_Nuru (Tabata)
Habari za humu wakuu. Mimi ni mwalimu wa msingi, miaka 43. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa diski ya L4/L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno), ule wa kutoa kipande kilichotokeza kikabana neva. Ule moto uliokuwa ukishuka kutoka tako mpaka kidole gumba cha mguu uliisha palepale, nilipozinduka tu nikajua umeondoka. Sasa kilichobaki ni kiuno chenyewe. Nikisimama vipindi viwili mfululizo kinakaza kama ubao, na asubuhi nainuka kitandani kwa awamu.

Nimeulizia kwa watu watatu, kila mmoja na lake. Daktari wa kwanza anataka nichomwe sindano ya steroidi mgongoni. Wa pili ameshataja kufunga pingili kwa vyuma. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba kwa mazoezi, anasema mazoezi, miezi mitatu, bila kukosa. Mliopitia, kipi kilizaa matunda?

Mzee_wa_Tunduma
Pole mwalimu. Mimi dereva wa malori, nilipasuliwa L5/S1, diski inayofuata chini ya yako. Sindano nimechomwa mara mbili. Ya kwanza ilinipa karibu miezi mitatu ya raha, nikajiona mzima, nikarudi kwenye usukani Dar mpaka mpakani bila kupumzika. Ya pili haikumaliza hata mwezi. Nina kisukari pia, na hakuna aliyeniuliza: sukari ilipanda siku kadhaa mpaka nikatishika. Kama unayo, sema kabla hawajakuchoma.

Ila elewa, mimi maumivu yangu yalikuwa ya mguu. Kwa kiuno sina la kukuahidi.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Hapo kwa mzee ndipo penyewe. Mwalimu, kabla hujalinganisha bei, jiulize kinachouma ni mguu au ni kiuno. Sindano ile hulenga neva iliyovimba, kwa hiyo husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni, tena kwa wiki au miezi michache. Kiuno kinachokaza ukisimama, mguu ukiwa kimya, mara nyingi ni habari nyingine: misuli iliyolala tangu kabla ya upasuaji, viungo vidogo vya pingili, au diski iliyopungua kimo.

Mguu ukirudi kuwaka, hapo MRI (picha ya ndani ya mgongo) ina maana, na waulize kuhusu ile yenye dawa ya mshipani inayong'arisha picha. Bila hiyo ni vigumu kutofautisha kovu la upasuaji na diski iliyotokeza upya. Kutokeza upya kupo, hutajwa kati ya wagonjwa 5 na 15 kwa kila 100. Kovu kulirudia kwa kisu mara nyingi huzaa kovu jingine.

Mazoezi siyo kujikunja mpaka uguse vidole. Anza na kutembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ongeza kidogo kila wiki. Kisha daraja (lala chali, kunja magoti, inua nyonga) na mende chali, yaani mkono mmoja na mguu wa upande wa pili vinashuka polepole huku kiuno hakiinuki sakafuni. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunavumilika. Kukiendelea mpaka kesho yake, umezidisha, punguza.

Kijana_Mabibo
Mnamsumbua bure. Kuna mzee huku anachua na kukanyaga mgongo, mtu anaingia na mkongojo anatoka anatembea. Elfu kumi tu.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Kuchua misuli kwa mafuta, sawa. Kukanyagwa mgongo uliopasuliwa, hapana, ndugu yangu. Na nyote mnaosoma: ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kujitokea, miguu kulegea ghafla, hayo ni ya hospitali usiku huohuo. Homa pamoja na maumivu yanayozidi usiku, vilevile msikae nayo.

Bi_Mwana_wa_Kisauni
Dadangu, mimi nimefungwa vyuma, mwaka wa tatu huu. Sijuti, lakini sikufungwa kwa sababu ya maumivu matupu. Picha ya kuinama na kunyooka ilionyesha pingili yangu yateleza. Muulize huyo daktari wako wa pili: ni nini hasa anachokwenda kukifunga? Akikuonyesha kwenye picha, msikilize. Akisema tu "tujaribu", tafuta daktari mwingine wa kumuuliza.

Mimi miezi sita sikuinua hata ndoo, na mume wangu alikatazwa sigara nyumbani kwa kuwa na mimi nilikuwa mvutaji (naam, cheka). Moshi huzuia mfupa kushikana. Mpaka leo nasali juu ya kiti.

Dirisha_la_Dawa
Hamjagusa vidonge vya maumivu. Naona watu wanameza diklofenaki miezi sita kama pipi. Tumbo na figo ndizo zinazolipa. Tramadoli nayo huzoeleka. Kwa maumivu ya neva daktari anaweza kuandika amitriptilini dozi ndogo usiku, au gabapentini. Zote zinalewesha mwanzoni, Mzee wa Tunduma usishike usukani nazo. Gabapentini usiache ghafla, hushushwa taratibu.

Mama_Nuru (Tabata)
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mguu uko kimya kabisa, ni kiuno tu. Kwa hiyo sindano nimeiweka kando, na kwa vyuma nitakwenda na swali la Bi Mwana mkononi. Fizio, naanza kesho. Darasani nimeomba kiti kirefu, mwalimu mkuu amenuna ila amekubali. Swali la mwisho: kupiga deki je? Nyumbani tunainama na tambara.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Nunua dekio la mpini mrefu, na ufagio wa kusimama. Chumba kimoja, pumzika, kingine. Na Nuru ana miaka mingapi?

Mama_Nuru (Tabata)
Kumi na tano 😂 Nimekuelewa.