Manowari ya bomba tatu: bodi imepinda mara ya pili, nisaidieni

Msasa_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Mimi ni fundi makabati. Mchana makabati ya jikoni, usiku wateja wakishaacha kupiga simu naunda meli ndogo. Nilianza na majahazi, nikauza mawili matatu, mengine yameishia kuwa zawadi za harusi. Tangu Januari nimejitwisha mzigo usio saizi yangu: Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyofia Rufiji Julai 1915.

Kisa chenyewe kiko nyumbani. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Rufiji, naye alilipokea kwa baba yake: watu wa pwani waliiita "manowari na bomba tatu". Jina la Kijerumani hawakuwa na shughuli nalo. Meli iliingia Dar es Salaam Juni 1914, watu wakaziona zile dohani tatu, jina likapatikana hapo hapo. Babu akifika kwenye "bomba tatu" alikuwa ananyoosha vidole vitatu hewani, na wala hakuiona kwa macho yake. Nimekua na vidole hivyo kichwani.

Sasa tatizo. Nimechagua kipimo cha 1:200. Meli halisi ilikuwa mita 115.3 kwa urefu na 13.2 kwa upana, kwa hiyo yangu inatoka sentimita 57.6 kwa 6.6. Nyembamba kama mkunga wa baharini. Nilikata mkuku, ule uti wa chini, wa plaiwudi ya milimita 6, nikasimamisha mataruma (mbavu) 17, nikaanza kubandika vipande vya mninga vya milimita 2 kwa gundi nyeupe, kama ninavyofanya kwenye jahazi. Jumamosi nikamaliza upande wa kulia, Jumapili jioni nikamaliza wa kushoto. Jumatano naingia karakana, omo, yaani mbele, inaangalia Kigamboni na tezi, nyuma, inaangalia Mkuranga. Nikalaza rula chini ya mkuku, mwanga unapita, milimita 4 pale katikati. Na hii ni ya pili. Ya kwanza nilisingizia mbao mbichi, ikapikia maharage.

Nakosea wapi? Halafu kuna rafiki yangu ananiambia niachane na mbao, ninunue mtandaoni boksi la plastiki la kuunganisha la 1:350 la Emden, manowari nyingine ya Wajerumani, nayo ina bomba tatu, nibadilishe jina tu, nani atajua. Mnasemaje? Na mizinga mnatengenezea nini? Ipo 10, nimejaribu vijiti vya meno, vinaonekana vijiti vya meno.

Omo_wa_Shela

Fundi, pole. Nimecheka hapo kwa Kigamboni na Mkuranga, lakini pole.

Naunda vyombo vidogo hapa Lamu miaka mingi, na vilivyonipindia ni vingi kuliko ulivyowahi kuunda, kwa hiyo nisikilize. Gundi nyeupe ina maji. Ubao wa milimita 2 huyanywa ukavimba, ukikauka hujikaza na kuvuta. Wewe umeuacha upande wa kulia uvute usiku kucha pasi na mpinzani. Hata jahazi la kweli hatulipigi mbao hivyo: ubao mmoja kulia, wa pili kushoto, twapokezana hadi juu. Tena chombo kidogo hukifunga kifudifudi juu ya ubao mnene ulionyooka, mkuku ukitazama mbinguni, na hukifungui mpaka kikauke chote. Chako kilikuwa huru mezani, sivyo?

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mbona waijenga manowari ya chuma kama jahazi? Jahazi lapendeza kwa kuwa mishono ya mbao yaonekana. Hiyo meli yako ilikuwa mabati na ribiti. Bati la milimita 10 kwa kipimo chako ni sehemu ya 20 ya milimita moja, chini ya karatasi. Utabandika vipande sitini, kisha uvizike vyote chini ya puti na rangi. Kazi ya nini?

Fanya tabaka. Chora meli kana kwamba umeikata kwa msumeno mlalo, mara tano au sita toka chini hadi sitaha, kila mkato na umbo lake. Kila umbo likate kwenye ubao wa paini mkavu, unene mmoja. Mninga uwache kwenye makabati, ni mgumu mno kwa kuchonga umbo hili. Toboa matundu mawili yapenye tabaka zote mahali pamoja, upitishe vijiti vya mshikaki ili zisiteleze ukizibana. Za katikati zitoboe tumbo, ubao mtupu ndani hupinda kidogo kuliko ubao mzima. Ukisha gundisha utapata kitu kama ngazi. Hapo chukua patasi, kisha msasa wa 80, chonga mpaka ngazi zipotee. Mstari wa gundi ndio mwalimu wako: ngazi ikipotea na mstari bado waonekana umepinda vizuri sawasawa pande zote mbili, acha. Ukiona mstari upande mmoja umekwenda zaidi ya mwenziwe, umeshakula nyama.

Msasa_Mbagala

Mzee wangu shikamoo. Ndiyo, ilikuwa huru mezani. Nimeona aibu mwenyewe, kabati la mteja siwezi kuliacha likauke bila klempu hata dakika moja.

Mwalimu_Kilindini

Fundi, nimesoma swali lako la mizinga Ijumaa usiku, na Jumamosi nilikuwa na shughuli Mji wa Kale, nikapitia Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa Königsberg, na kuna wa Pegasus, ile manowari ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga inarekebisha mitambo. Aliyezamisha na aliyezamishwa, wote wamekuwa vitu vya watalii kupigia picha.

Nilikuwa na tepu ya kushonea ya mamangu kwenye mkoba. Ncha moja niliibandika kwa plasta maana hapakuwa na wa kunishikia, watoto wawili wakaja kuuliza kama namshonea mzinga suruali. Nikapata mita 4.2, zidisha au punguza upana wa kidole. Na ndivyo inavyopaswa kuwa: mzinga huu huandikwa sentimita 10.5, L/40, yaani urefu ni kipenyo cha tundu mara 40. Kumi na nusu mara 40 ni 420. Gawanya kwa 200, wako uwe milimita 21.

Sasa nenda duka la dawa ununue sindano mpya za kichwa cha kijani, namba 21. Unene wake wa nje ni milimita 0.8, na tundu lake ni nusu milimita. Tundu la mzinga wa kweli kwa kipimo chako ni 0.525. Sidhani kuna kitu cha bei hiyo kitakachokukaribia zaidi, na mdomo utakuwa na tundu la kweli. Usikate kwa koleo, itabana tundu. Ilaze kwenye ubao, weka ukingo wa faili juu, viringisha polepole mpaka ikatike yenyewe. Nyuma mzinga ni mnene kuliko mbele, kwa hiyo zungushia karatasi ya sigara yenye supaglu, mizunguko mitatu, kisha msasa laini.

Onyo moja: umbo la chini usilichukue kwenye mizinga iliyoko nchi kavu. Meli ilipokufa Wajerumani waliitoa yote 10, wakaitengenezea magurudumu, ikapigana vita vya bara. Kwa mpangilio wa melini: miwili sambamba mbele, miwili sambamba nyuma, mitatu kila ubavu.

Mswahili_Hamburg

Naomba nijibu la boksi la Emden, kwa sababu nililifanya hilo kosa mwenyewe na linakaa kabatini linanitazama.

Emden na Dresden ni ndugu wa tumbo moja, yaani meli za mchoro mmoja, urefu mita 118.3. Königsberg ni wa tumbo lililotangulia. Kwa 1:350 boksi litakuzidi karibu milimita 9. Unaweza kusema milimita 9 si kitu. Ila ukikata kipande katikati, bomba zinasogea, mizinga ya ubavuni inasogea, vidirisha havilingani, na mwisho unakuwa umejenga upya nusu ya meli kwa plastiki ya bei ghali. Hata ndugu zake wa damu, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, walikuwa warefu kidogo kuliko yeye, basi ukikuta mchoro mtandaoni umeandikwa jina la mmojawapo, pima kwanza. Emden mwache na kifo chake, Visiwa vya Cocos, Novemba 1914.

Michoro ya jeshi la majini la Ujerumani inatunzwa Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa. Andika barua pepe ueleze unataka meli gani, unalipia nakala. Jibu halitakuja kesho. Tumia muda huo kuchonga.

Mjukuu_wa_Matumbi

Samahani niharibu sherehe. Hiyo meli ilishushwa majini Kiel, Ujerumani, tarehe 12 Desemba 1905. Mwezi huo kwetu Maji Maji inawaka, na Kinjekitile alikuwa ameshanyongwa tangu Agosti. Leo fundi wa Mbagala anakesha kuichonga kwa msasa na watu wanampigia makofi. Hakuna vyombo vyetu vya kuunda?

Omo_wa_Shela

Vyombo vyetu naunda mimi kila siku, mjukuu. Karibu ununue.

Msasa_Mbagala

Mjukuu, hujaharibu kitu. Hiyo tarehe ya Kiel sikuwahi kuiweka pamoja na Kinjekitile, na nimekaa nayo siku tatu kabla ya kujibu.

Babu hakuwa anasimulia ushujaa wa Wajerumani. Alikuwa anasimulia mizigo. Mashine za meli ziliharibika, vyuma vikabebwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa tena Rufiji. Barabara unaijua ilivyo hata leo mvua ikinyesha. Halafu Waingereza wakaleta Severn na Mersey, vile vimeli bapa vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, vikaingia mtoni ambako meli kubwa zao zisingeweza kupita, tarehe 6 Julai wakashindwa, tarehe 11 wakamaliza. Wajerumani wenyewe wakaipasua meli yao. Na baada ya hapo ile mizinga 10 nani aliivuta kutoka kwenye tope? Babu hakunyoosha vidole hapo. Alikuwa anaonyesha bega.

Bendera sitaiweka.

Msasa_Mbagala (wiki tatu baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Tabaka sita za paini, vijiti vya mshikaki, klempu kila sentimita 8, siku nne sikuigusa. Nimelaza rula chini, nimewasha tochi ya simu nyuma yake. Hakuna mwanga. Nimemwita mke wangu aje aone giza, akasema ameacha chungu jikoni kwa ajili ya kuonyeshwa giza.

Mistari ya gundi imenifundisha kweli. Kulia pale omoni nilikuwa nimeshaanza kula nyama, mstari ukaniambia mapema. Nilijaza kidogo kwa filla ya magari.

Mizinga sita imeisha, sindano za kijani ni jibu. Kwenye duka la dawa dada aliniuliza sindano 12 za nini, nikasema za manowari, akaita bosi wake.

Kamba za milingoti nimepata mwenyewe, nawapa bure: unywele mmoja wa rasta. Mke wangu anasuka, vipande viko sakafuni kila siku. Bandika ncha mbili kwa supaglu ukiuacha umelegea kidogo, kisha pitisha chini yake kijiti cha udi kinachofuka, mbali kiasi cha kucha. Unajikaza wenyewe mpaka unalia ukiugusa. Ukisogea karibu zaidi unakatika, nimeshakata vinne.

Nimeamua isiwe ya baharini. Itakaa Rufiji, imefunikwa matawi kama walivyoificha. Mikoko natengenezea vikonyo vya maua ya mwembe yaliyokauka, vina matawi madogo kabisa kama mti wa kweli, nachovya kwenye gundi kisha kwenye majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yaliyopakwa kijani. Mti wa mita 15 unatoka sentimita 7 na nusu. Ninayo 30, na uani kwa jirani bado kuna maua mengi yameanguka.

Na ukingoni, pembeni ya meli, mzinga mmoja uko kwenye tope na watu wanauvuta kwa kamba. Mtu mzima kwa 1:200 ni milimita 8 na nusu. Nachonga kwa njiti za kiberiti, nataka wawe 40. Mpaka sasa ninao 11, kwa sababu nikifika kwenye miguu njiti inapasuka katikati. Kuna aliyejaribu waya wa shaba wa ndani ya kebo ya simu?