Nani aliyeipa laptopu ya gemu ruhusa ya kubadilisha mwangaza na kasi ya kioo bila kuniuliza?

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi mitano nimeishi na laptopu ya gemu ambayo kwa upande wa nguvu sina neno nayo. Kinachonichosha ni kioo, na kioo chenyewe wala si kibovu. Ubaya uko kwenye mipangilio ambayo mtengenezaji ameiwasha kimyakimya, akaitawanya sehemu nne tofauti, kisha akamwachia mnunuzi kazi ya kuitafuta.

Nianze na mwangaza. Usiku mmoja nilikuwa naandika ripoti huku nimefungua madirisha mawili, moja jeusi na jingine jeupe kama karatasi. Kila nilipotoka kwenye jeusi kwenda kwenye jeupe, kioo kilikuwa kinang'aa taratibu, kama mtu anayepandisha utambi wa taa, na nikirudi kwenye jeusi kinafifia vivyo hivyo. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu yamechoka. Nikaegemeza simu kwenye rundo la vitabu, nikarekodi, na video ikaonyesha waziwazi kioo kikipanda na kushuka ilhali sijagusa kitufe chochote.

Video hiyo niliituma kwa huduma kwa wateja ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Waliniambia nisakinishe Windows upya. Nikafanya hivyo, Jumamosi yangu nzima ikaishia hapo, na tatizo likabaki palepale. Nilipowarudia wakanijibu kwamba kioo hakina hitilafu yoyote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba kuna kipengele cha kuokoa betri ambacho husoma picha iliyopo kwenye kioo, hupunguza taa ya nyuma picha ikiwa na giza, na hurekebisha rangi ili mtumiaji asitambue kilichofanyika. Mimi nimekitambua, na kinaniumiza kichwa.

Kwa yeyote anayeteseka kama mimi, tafuteni sehemu mbili. Kwenye Windows 11, fungueni mipangilio ya mfumo, ukurasa wa kioo, kisha bonyezeni mshale ulio pembeni ya mwangaza. Hapo kuna chaguo la kubadilisha mwangaza kulingana na kilichomo kwenye picha, nalo lizimwe kabisa. Sehemu ya pili ni programu ya kadi ya michoro (kinachochora picha za kioo) iliyojengwa ndani ya prosesa: kwa prosesa za AMD kipengele kinaitwa Vari-Bright, na kwa za Intel hukaa kwenye mipangilio ya kuokoa umeme. Ukizima kimoja, kingine kinaweza kuendelea na kazi yake, ndiyo maana watu wengi hukata tamaa wakiamini wamejaribu kila kitu. Nilipozima vyote viwili, kioo kilitulia siku hiyohiyo. Wiki tatu baadaye nikasasisha draiva, yaani programu inayoendesha kadi hiyo ya michoro, na kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu mtu akishakataa jambo, kukataa kwake kunapaswa kuheshimiwa.

La pili ni kasi ya kioo. Nilinunua kioo cha hezi 144, yaani kinachoweza kuonyesha picha mpya 144 kwa sekunde, kila moja ikikaa takriban milisekunde 7. Nikichomoa chaja, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde nzima, kisha kinarudi kikiwa kwenye hezi 60, ambapo kila picha hukaa karibu milisekunde 17. Hata kishale cha kipanya kinaonekana kikiruka. Naelewa kwamba kasi ndogo huokoa betri, na pengine ningeichagua mwenyewe nikiwa safarini, lakini ujumbe mmoja mfupi wa kuniarifu ungeharibu nini? Nikirudisha 144 kwenye mipangilio ya kioo ya Windows, programu ya mtengenezaji inaishusha tena kila ninapochomoa chaja. Swichi inayohusika nimeikuta ndani ya programu hiyo, kwenye ukurasa wa betri, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutafuta jambo la kioo.

Kuna pia suala la maandishi kuwa na ukungu kwenye programu za zamani ninapohamisha dirisha kutoka kwenye laptopu, ambako nimekuza maandishi na picha hadi asilimia 150, kwenda kwenye monita ya pembeni iliyo kwenye asilimia 100. Hilo nimelipunguza kwa kuweka pande zote mbili asilimia 125, kwa hiyo silipigii kelele.

Ninachodai kwa watengenezaji ni ukurasa mmoja wenye kila kinachogusa kioo, wenye swichi zinazobaki jinsi nilivyoziacha hata baada ya kusasisha draiva. Na kwenu wanajukwaa nina swali: je, kuna aliyefanikiwa kusasisha draiva ya kadi ya michoro ya ndani bila kipengele hicho cha mwangaza kujiwasha tena? Kama yupo, naomba aeleze hatua alizofuata moja baada ya nyingine, kwa sababu kuna sasisho jingine linanisubiri tangu juzi na sijathubutu kulikubali.