Naomba ushauri: adapta ya umeme kwenye kadi mpya ya grafiki

Wakuu, habari zenu. Nimejichanga karibu mwaka mzima nikanunua RTX 4070 kwa kazi ya kuhariri video za harusi. Kadi ipo mezani tangu juzi, naogopa kuiwasha.

Ndani ya boksi imekuja na adapta: upande mmoja plagi ya pini 16, upande wa pili plagi mbili za pini 8. Pawa saplai yangu ni ya wati 650, lakini ina waya mmoja tu wa kadi, wenye vichwa viwili vya pini 8. Je, nichomeke vyote viwili vya waya huo huo? Kadi inavuta wati 200, na sloti ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inaweza kutoa hadi 75, kwa hiyo mzigo mkubwa utapita kwenye waya huo mmoja.

Fundi aliyeniuzia kanishauri nitumie adapta ya SATA (plagi ya umeme ya hadi-diski) kwa kichwa cha pili. Hapo nimekataa. Plagi ya SATA inabeba wati 54 tu upande wa volti 12, ile ya pini 8 ni 150. Hiyo ni kuomba moto.

Jingine: kesi yangu (boksi la kompyuta) ni nyembamba, mfuniko unaikunja adapta pale pale kwenye plagi. Mwaka 2022 plagi za pini 16 za RTX 4090, kadi kubwa kuliko yangu, ziliyeyuka, na nyingi zilikuwa hazijaingia hadi mwisho. Ninunue kesi pana kwanza, au nitumie hii bila mfuniko? Vumbi la huku ni jingi mno.